Vitwitwi Wamerudi: Je, Pemba Ina Machipuko?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi katika Wilaya ya Micheweni, Pemba. Kila mwaka, kiasi cha mwanzo wa Septemba, nikipita pwani asubuhi nawaona vitwitwi wamejaa tena juu ya mchanga baada ya miezi ya kuonekana wachache tu, na moyo wangu hufunguka kama mtu aliyeletewa khabari njema. Kabla ya hapo, miezi ya kusi, huwa mzito bila ya sababu ninayoijua. Mdogo wangu anayeishi Ulaya ananiambia kuwa watu wa huko nao hufurahi hivyo hivyo ndege wanaporudi wakati wa machipuko, na kwamba madaktari wamesema sababu yake ni mwanga. Lakini huku kwetu hakuna machipuko, na Septemba kwao ndiyo majani yanaanza kupukutika. Basi furaha yangu inatoka wapi? Na nifanye nini ili niwajue ndege hawa, maana wanafunzi wangu wananiuliza na sina la kuwaambia?

Jibu: Waalaikumu salaam, Mwalimu. Nami nimezaliwa kijiji cha pwani, upande wa Unguja, na furaha unayoieleza naijua tangu nilipokuwa siruhusiwi kwenda mkokoni peke yangu. Kwa hivyo utanisamehe jibu likiwa refu.

Nianze na lile ulilolipitia juu juu, kwamba kwetu hakuna machipuko. Ni kweli kwamba hatuna miti inayokaa mitupu miezi kadhaa kisha ikavaa majani mapya kwa muda wa wiki mbili. Lakini watu wa pwani hii waliugawa mwaka wao kwa pepo na mvua, na baina ya kusi linalochoka na kaskazi ambalo bado halijaamka pana kipindi ambacho wazee walikiita demani, tangu mwishoni mwa Agosti hadi kuingia Novemba, wakati bahari inapotulia na upepo ukawa wa kupunga badala ya kusukuma. Baadhi ya waliotafuta neno la Kiswahili la machipuko ya Ulaya walilichukua hilo hilo la demani. Mimi naona walikosea miezi lakini hawakuikosea hisia, kwa sababu demani ni wakati wa watu kutoka nje, wa vyombo kushushwa majini, na wa mtu kukumbuka kwamba ana ndugu kisiwa cha pili ambaye hajamtembelea muda mrefu.

Tena tunayo Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Neno hilo asili yake ni Uajemi, na maana yake ni siku mpya. Huko ndiyo siku ya kwanza ya machipuko, mwezi wa Machi. Kwetu huangukia Julai kwa sababu mwaka wa Nairuzi ulihesabiwa siku 365 kamili, bila ya ile siku inayoongezwa kila mwaka wa nne, na hesabu ya namna hiyo huteleza kidogo kidogo karne hata karne. Wakulima na mabaharia walihesabu miongo, yaani makumi ya siku, kuanzia hapo. Ukihesabu miongo minne au mitano baada ya Nairuzi utakuwa umefika penye vitwitwi wako. Kwa maneno mengine, Mwalimu, unayo sikukuu ya machipuko ndani ya kalenda ya wazee wako. Imehama tu, kama ndege wenyewe wanavyohama.

Sasa nije kwenye mwanga. Alichokueleza mdogo wako ni kweli kwa watu wa huko. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, nchini Marekani, waliueleza kitaalamu unyonge wa moyo unaowarudia baadhi ya watu kila majira ya baridi, pale saa za mchana zinapopungua. Mtu wa London, mwishoni mwa Desemba, hupata mchana usiotimia saa 8, na mwishoni mwa Juni hupata mchana unaopita saa 16 na nusu. Mtu aliyeishi miezi mitatu kwenye giza la namna hiyo, akaamka asubuhi moja akasikia ndege analia dirishani kukiwa kumekucha tayari, lazima mwili wake umwitikie. Lakini Pemba iko karibu na latitudo ya 5 kusini ya ikweta, na tofauti baina ya siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote ni kama dakika 35 tu. Adhana ya Magharibi haisogei sana mwaka mzima, na wewe unayeswali unalijua hilo bila ya kufundishwa na mtu wa elimu ya nyota. Kwa hivyo maelezo ya mwanga hayakufai, na sikushauri uyaazime.

Uzito wako wa miezi ya kusi nadhani una mizizi iliyo wazi zaidi. Kusi huvuma kwa nguvu, upande wa mashariki wa Pemba bahari huchafuka, madau madogo hubaki yamepandishwa juu siku kwa siku, samaki hupungua sokoni na bei hupanda. Nyumba ambayo kitoweo chake kinatoka baharini huishi kwa kubana, na mwalimu anayefundisha watoto wa nyumba hizo huuona ubano huo kwenye madawati kabla hajauona kwenye sahani yake mwenyewe. Inapofika Septemba mambo kadhaa hulegea kwa pamoja: upepo, bahari, mfuko, na katika mwaka ambao mikarafuu imezaa, harufu ya karafuu zinazoanikwa juu ya majamvi inakufuata njia nzima. Ndege nao huingia wakati huo huo. Hisia ya binadamu haipangi mambo yake kwa kabati na droo; huyafunga yote kwenye fundo moja, na aliye mwepesi kuonekana miongoni mwa yote hayo ndiye anayepewa sifa. Kitwitwi anaonekana. Bei ya changu kushuka haina mabawa. (Ikiwa uzito huo unakuzuia kula, kulala au kufanya kazi, basi hilo si la mtu wa ndege kama mimi, limpeleke mtu kwa daktari.)

Hata hivyo sitaki ufikiri kwamba ndege ni kisingizio tu cha furaha iliyotoka kwingine. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo ya uchunguzi wa karibu watu 1,300, ambao, kwa wiki mbili kila mmoja, katika kipindi cha 2018 hadi 2021, waliulizwa na programu ya simu zao, mara kwa mara katika siku, kama wanaona au wanasikia ndege na wanajisikiaje. Walipokuwa wameona au wamesikia ndege walijisikia vizuri zaidi, na athari hiyo iliendelea hata baada ya saa kadhaa. Ilionekana pia kwa watu waliokuwa na maradhi ya unyonge wa moyo. Mwaka huo huo, Taasisi ya Max Planck ya Maendeleo ya Binadamu, Berlin, iliwasikilizisha watu 295 sauti zilizorekodiwa kwa dakika 6, wengine kelele za magari na wengine milio ya ndege, na waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi na dhana mbaya juu ya watu. Unyonge wa moyo wenyewe haukupungua kwa kusikiliza huko kwa dakika chache, na hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu siku hizi kila mwenye kuuza kitu husema kinaponya kila kitu.

Tafiti hizo ziliwahusu watu wa kila namna, siku yoyote, na ndege wowote. Wewe unazungumzia jambo mahsusi zaidi, yaani kurudi. Nionavyo mimi, furaha yako ni ya mwenyeji anayepokea mgeni aliyekwenda mbali na ambaye hukuwa na hakika kama angerudi. Na kadiri utakavyojua mgeni huyo ametoka wapi, ndivyo furaha hiyo itakavyokuwa na uzito wa haki. Basi tumtazame kwa karibu.

Neno kitwitwi tunalitumia kwa ndege wengi wa pwani wenye miguu myembamba na mbio nyingi. Ukitulia na darubini utaona kwamba kundi moja lina aina nne au tano. Yupo mdogo mweupe anayelifukuza wimbi likirudi baharini na kulikimbia likija, asichoke, kama mtoto anayecheza na maji. Yupo aliyenenepa kidogo, mwenye miguu ya rangi ya machungwa, anayepindua vijiwe na vipande vya mwani kutafuta wadudu waliojificha chini yake. Wanawake wa mwani wanamjua, ingawa hawamsifu. Yupo mwenye mdomo mwembamba uliobetuka kwenda juu, anayekimbilia vikaa akiwa ameinamisha kichwa kama aliyeangusha sarafu. Wakubwa kuliko hao, wenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, ni sululu, na jina lao linatosha kukuonyesha sura ya mdomo wenyewe. Halafu, ukibahatika, utaona kundi la ndege warefu weupe, wenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi kama kisu cha bucha. Huyo ni mla kaa, na hana kwao Ulaya wala Siberia. Huzaa katika fukwe za Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, wakati wa joto kali, ndani ya mashimo anayochimba mchangani, na hutaga yai moja, jeupe. Anakuja kwetu kwa njia ile ile ya majahazi. Mimi nampenda kuliko wote, na sioni haja ya kuficha upendeleo huo.

Lakini wa kumjua kwanza, kwa ajili ya swali lako, ni yule kitwitwi wa kijivu mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo ncha, kama sindano ya kushonea magunia iliyotumika sana. Kwa Kiingereza jina lake linamfananisha na sululu kwa sababu ya huo mdomo. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Huyu huzaa mahala pamoja tu duniani, nyanda za kaskazini kabisa za Siberia, hasa eneo la rasi ya Taimyr, ambako ardhi ya chini imeganda mwaka mzima na kiangazi ni cha wiki chache za jua lisilozama. Huko jike hutaga mayai 4 mwezi wa Juni. Dume hakai kuyaatamia; mapema Julai, vifaranga hawajatoka au ndio kwanza wanatoka, yeye ameshashika njia ya kusini. Jike hufuata baadaye, wana wakishaweza kujitegemea. Watoto wenyewe huja mwisho, peke yao, bila ya mzazi wa kuwaonyesha njia, kuelekea pwani ambazo hawajapata kuziona.

Kwa hivyo wale wa kwanza unaowaona, Agosti na mwanzo wa Septemba, wengi ni wakubwa, na baadhi yao bado wana mabaka mekundu kifuani, mabaki ya nguo za harusi. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba tazama wanaoonekana nadhifu mno, manyoya ya mgongo yamepangika kama magamba ya samaki, kila unyoya una ukingo mweupe, na kifuani wana rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Hao ndio watoto. Wana umri wa kiasi cha miezi mitatu na wameshavuka nusu ya dunia. Ukiwaonyesha wanafunzi wako hao, waeleze hilo, kisha nyamaza kidogo.

Na hapa pana jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolisoma mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Mwaka mmoja watoto hao huja wengi, mwaka mwingine hawaonekani kabisa, na sababu yake ni panya. Huko Siberia wapo panya wa nyika wenye mkia mfupi ambao huongezeka sana kila baada ya miaka mitatu au minne, kisha huporomoka. Wanapokuwa wengi, mbweha weupe wa huko hushiba panya na kuwaacha vifaranga. Wanapopotea, mbweha hula mayai na vifaranga vya kila ndege atagaye chini. Waliohesabu vitwitwi katika fukwe za Afrika ya Kusini kwa miaka mingi waliliona hilo: idadi ya watoto wanaofika Afrika hupanda na kushuka pamoja na panya wa Siberia. Ukiona Oktoba pwani yako ina wakubwa watupu, huenda basi ulikuwa mwaka mbaya wa panya huko Taimyr, na umeujua ukiwa umesimama Micheweni, kanga imelowa upindo.

Wanafunzi wako watakuuliza, kama wangu walivyoniuliza: sasa hapa ambapo mchana haubadiliki, ndege anajuaje kwamba wakati wa kurudi umefika? Ni swali zuri kuliko wanavyodhani. Ndege wa nchi za baridi hufuata urefu wa mchana. Hilo lilionyeshwa nchini Kanada katika miaka ya 1920 na William Rowan, aliyewawashia taa ndege waliofungiwa kwenye matundu wakati wa baridi kali, na miili yao ikajiandaa kuzaa kana kwamba machipuko yamefika. Lakini aliyekaa ikweta hana taa hiyo ya kumwamsha. Katika miaka ya 1960 Mjerumani Eberhard Gwinner aliwaweka vindege wa Ulaya wa gramu 9 hivi, ambao nao huja Afrika kila mwaka, ndani ya vyumba vyenye mwanga wa saa 12 na giza la saa 12, bila ya kubadilisha chochote, mwezi baada ya mwezi. Wakati wa safari ulipofika, ndege wale walinenepa na kuanza kuhangaika usiku kwenye matundu yao kama wasafiri waliofunga mizigo. Ndani ya mwili wao mna kalenda inayozunguka karibu mwaka mzima, nayo haihitaji dirisha. Baadaye, mwaka 1998, watafiti walionyesha kwamba ndege mmoja wa misitu ya Panama, ambaye hahami, hutambua mchana ulioongezeka kwa dakika 17 tu. Ukikumbuka zile dakika 35 za Pemba nilizozitaja, utaona kwamba hata kidogo hicho tunachokiona si kitu huenda kwa ndege kikawa ni barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Hapo ndipo nataka nikugeuze kidogo, Mwalimu, kwa sababu nadhani unayatafuta machipuko katika mwezi usiokuwa wake. Septemba unapokea wageni waliochoka, wanaovua nguo zao nzuri. Ukitaka kuyaona machipuko yenyewe, ya Siberia, kabla hata Siberia haijayaona, nenda pwani Machi ya mwisho na Aprili. Kitwitwi wa kijivu hubadilika mbele ya macho yako. Kwanza huja nyoya moja moja nyekundu shingoni, kama mtu aliyedondokewa na mchuzi. Baada ya wiki, kifua kizima na tumbo vimekuwa rangi ya matofali, mgongo umechanganya nyeusi, nyeupe na hudhurungi, na yule ndege uliyemdharau miezi sita anakuwa kitu cha kusimamishia watu njiani. Anakula mchana na anakula usiku wa mbalamwezi, kila maji yanapokupwa, hadi gramu zake 60 zinapita 80, na ziada hiyo ni mafuta matupu ya safari. Theluji ya Taimyr wakati huo haijayeyuka hata kidogo. Mavazi ya machipuko yameshonwa hapa, kwa minyoo na vikaa vya matope ya Pemba na Chwaka.

Watu wachache sana huyaona haya, kwa sababu Aprili ni masika, njia zina matope na kila mtu amejikunyata. Ndiyo maana nimekaa nayo zaidi kuliko ulivyoniuliza.

Ndege wa hapa hapa nao wana wakati wao, na sipendi wageni wawafunike. Masika hayo hayo, katika mabonde ya mpunga, dume la kweche, ambalo miezi ya ukavu lilikuwa na rangi ya majani makavu kama jike lake, huwaka jekundu na kujitutumua juu ya masuke, na minana hufuma viota vyao vya manjano kwenye minazi na magugu yaliyosimama majini, wakigombana kama watu wa gati. Ukisikia tipitipi, ambaye wengine humwita dudumizi, anatoa ule mlio wake wa maji yanayomiminika kutoka chupani, wazee watakwambia mvua iko njiani. Mimi sijawahi kuwabishia, ingawa mara nyingine amelia na nguo zangu zimekauka vizuri. Na Pemba mnao ndege wanne ambao hawapatikani pengine popote duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Chozi na kinengenenge huenda wako kwenye mti wa uwanjani kwa skuli yako sasa hivi. Ninga na bundi watafute katika Msitu wa Ngezi, na bundi utamsikia usiku kabla ya kumwona. Wapo pia wanaokuja kutoka kusini: kuna yangeyange mdogo wa Bukini, yaani Madagaska, ambaye siku hizi ni adimu na yumo hatarini, anayeitembelea Afrika ya Mashariki kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha anarudi kwao kuzaa. Kwa hivyo demani yako ina wanaoingia na wanaotoka kwa pamoja, kama bandari.

Kuhusu namna ya kuwatazama, la kwanza ni kujua maji, nalo wewe na wanafunzi wako mnalijua kuliko mtalii yeyote. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na vitwitwi hutawanyika mbali hadi wakawa nukta. Usihangaike nao saa hiyo. Nenda alasiri, maji yakiwa yanajaa, ukae mahali pamoja na jua likiwa mgongoni kwako, mbele ya kipande cha mchanga ambacho hufunikwa mwisho. Maji yenyewe yatakuletea ndege, hatua kwa hatua, hadi utakapoweza kuhesabu vidole vyao. Anayewafuata huwafukuza, anayekaa hufuatwa. Vaa nguo ya rangi ya mchanga au ya majani, na usiwaruhusu watoto kusimama ghafla, kwani kundi likiinuka limechoma mafuta ambayo lilikuwa linayaweka kwa safari.

Darubini moja yatosha kwa darasa zima. Tafuta yenye alama ya 8x42: nambari ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usishawishike na ya 20, kwa sababu mkono ukitetemeka hata kidogo ndege naye hutetemeka, na mtoto huona ukungu tu. Ikiwa skuli haina, anzeni na macho na daftari. Nilijifunza aina sita za mwanzo bila ya darubini, kwa kuangalia wanavyokula tu. Mwenye kuchoma mdomo harakaraka kama cherahani ni huyu, mwenye kukimbia, kusimama na kudonoa ni yule.

Kuhusu panda na ulimbo, ambavyo baadhi ya wanafunzi wako wa kiume bila shaka wanavyo, nakushauri usianze kwa kuvikamata. Mimi nilikuwa na panda yangu mwenyewe, na nikaiacha siku niliyopewa kazi ya kuhesabu. Mpe hodari wao wa kulenga daftari la hesabu, umwambie yeye ndiye mwenye jicho, na uone kama atakubali hesabu yake ipungue. Kunguru wa Bara Hindi, waliofikishwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia ya kusafisha uchafu wa mji na ambao wamemaliza mayai na makinda ya ndege wadogo wengi, ni suala jingine, na kwao sina huruma kubwa.

Katika daftari andikeni mambo manne tu: tarehe, saa, hali ya maji na idadi ya ndege waliohesabiwa pahala pale pale kila wiki. Msibadilishe pahala. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote, kwa sababu hakuna mwingine aliyesimama hapo mlipokaa nyinyi. Tahadhari moja: mkiona vitwitwi na sululu kadhaa bado wapo mwezi wa Juni na Julai, msidhani hesabu zenu zimeharibika. Wengi wa hao ni watoto wa mwaka uliopita ambao hawajafikia umri wa kuzaa, na hawaoni haja ya kwenda Siberia kuwa watazamaji. Hubaki nasi wakala kusi pamoja nasi, na labda katika miezi ile inayokuwa mizito kwako inafaa uende ukawaangalie hao.

Siku ya kuondoka kwao huwezi kuijua mapema, lakini unaweza kuivizia. Chagua jioni za Aprili ambazo mvua imepasua kidogo na upepo umegeuka kutoka kusini. Muda mfupi kabla ya Magharibi utawaona wametulia kuliko kawaida, hawali, wanajisafisha manyoya na kupiga kelele nyembamba za kuitana. Kisha kundi moja huinuka, huzunguka juu ya maji mara mbili au tatu, baadhi hughairi na kutua tena, na waliobaki hujipanga mstari, wakapanda juu sana, wakaelekea kaskazini wakiwa bado wanaita. Andika saa, na idadi ya waliokwenda, na idadi ya walioghairi, kwa sababu hao utawakuta kesho yake pahala pale pale.